Miaka miwili natafuta kiti cha utangazaji wa TV, usaili wa mwisho nimeulizwa nina wafuasi wangapi Instagram

#1 ChupaYaChai
Wakuu habari za jioni.

Nina miaka 26 na stashahada ya uandishi wa habari ninayo. Mafunzo kwa vitendo nilifanya miezi mitatu kwenye kituo kimoja hapa Dar, nikabeba nyaya, nikabeba stendi ya kamera, nikaagizwa chapati, na mara mbili nikaruhusiwa kuweka sauti kwenye habari ya mtu mwingine. Sauti ninayo, si mimi ninayesema, hata konda wa Mbagala aliwahi kuniuliza kama natangaza mpira.

Usaili nimefanya mara tatu. Wa kwanza waliniambia tutakupigia. Wa pili waliniambia tutakupigia. Wa tatu nimemaliza kusoma, dada mmoja mezani akaniuliza: una wafuasi wangapi Instagram? Nikasema 1,340. Akaandika. Wiki mbili baadaye nikamwona aliyechukuliwa. Ana elfu themanini, na kwenye habari ya kwanza kabisa amesema "mkoani Katafi".

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: TV za Bongo siku hizi hazitafuti mtangazaji. Zinatafuta ukurasa wenye watu, kisha zinauwekea kamera mbele. Anayebisha alete mfano. Na nyie mlioko ndani, wewe uliingiaje?

#2 Kigoda_Mbele
Nimekaa hapa. Karanga bei gani?

#3 FundiMitambo
Nimekaa chumba cha mitambo miaka kumi na moja. Watangazaji nawaona kwenye skrini kumi kwa mpigo, pamoja na yale ambayo nyie nyumbani hamyaoni.

Mleta uzi unasema una sauti. Sawa, ila sauti ni mtaji wa redio, kwenye TV macho yanatangulia. Siku ya majaribio mtu anakaa, prompta, ile skrini ya maandishi mbele ya kamera, inaanza kupanda, anasoma vizuri tu. Kisha dairekta ananiashiria, naisimamisha makusudi. Hapo ndipo usaili unapoanza. Wengi macho yanaganda kama mbuzi aliyemulikwa taa barabarani. Wengine wanageuka pembeni kutafuta wa kuwaokoa. Kuna binti mmoja aliteremsha macho kwenye karatasi zake, akaruka hadi habari nyingine, akaisoma kana kwamba ndiyo iliyokuwa zamu yake. Sauti yake ya puani, tena ya puani haswa, na alichukuliwa siku ileile.

Zile karatasi za mezani mnazodhani ni urembo ndizo hizo.

Jambo la pili: anayeendesha prompta anamfuata mtangazaji. Wageni wote hawalijui hili, wanakimbizana na maandishi kama daladala inawaacha. Punguza mwendo, na maandishi yatapunguza.

#4 Mzee wa Fitna
Fundi umeandika vizuri sana ila umesahau neno moja: MJOMBA. Hiyo prompta ya mwenye mjomba haisimamishwi.

#5 FundiMitambo
@Mzee wa Fitna huyo mwenye mjomba nimemwona pia. Anaingia kweli. Mwaka wa pili yuko idara ya masoko.

#6 Shangazi_Tabata
Watoto mnapenda njia ya mkato. Hao mnaowaita magwiji waliiva redioni kwanza. Julius Nyaisanga, Uncle J, alitoka Radio Tanzania, ndipo akaja Radio One na ITV. Charles Hilary kaanza Radio Tanzania, akaenda Radio One, akaenda Deutsche Welle Ujerumani, akaenda BBC London, Azam TV kaja mtu mzima kabisa. Nyie mnataka kuanzia pale wenzenu walipomalizia. Redio inakufundisha kusema na mtu mmoja. Ukianzia kwenye TV unajifunza kujitazama.

Tena hata wasingeweza kuanzia kwenye TV, maana mpaka Mkapa alipotuletea TVT, televisheni ya serikali, nchi hii hatukuwa na televisheni.

#7 Mwana wa Vuga
Shangazi, taratibu. TVZ ya kwetu Zanzibar imeanza 1973, tena ya rangi tangu siku ya kwanza. Nyie huko bara ndio hamkuwa nayo, msituingize kwenye njaa yenu.

#8 Kapu la Habari
Na bara kwenyewe si TVT. Mwaka 1994 walikuwepo ITV, DTV na CTN, wote watu binafsi. Serikali ilikuja nyuma yao.

#9 Shangazi_Tabata
Haya, nimeshindwa. Mimi 1994 nilikuwa Nachingwea, hata redio ilikuwa inasubiri betri zianikwe juani.

#10 nyamagana_wa_kwanza
Mleta uzi umemcheka dada wa "Katafi". Ngoja nikupe yangu usije ukacheka tena.

Mimi ni Msukuma. Kwetu R ni mgeni. Nilipata nafasi ya kusoma habari kituo kimoja kidogo cha mkoani, kipindi cha kuelekea uchaguzi. Nikasoma kwa kujiamini kabisa, mubashara: "Wananchi wamejitokeza kwa wingi kupiga kula." Nikasikia kwenye kidude cha sikioni mtu anasema "kuRa". Nikajisahihisha: "samahani, kupiga kula." Kameramani aliacha kamera akaenda nje kucheka. Kesho yake sokoni wananiuliza, leo tunapiga kula wapi, kwa mama nani?

Nilichofanya: kila skripti napita na kalamu nyekundu, kila R naizungushia. Miezi minne hivyo. Nasoma magazeti kwa sauti alfajiri, mke wangu akadhani nimeokoka. Siku hizi R inatoka yenyewe, ila nikikasirika inaondoka.

#11 Mwanakwetu254
Salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu taarifa ya Kiswahili ni saa moja jioni na ya Kiingereza saa tatu usiku, na kwa muda mrefu watu waliamini meza ya saa moja ni ya watu wa Pwani peke yao. Kweli Pwani imetoa wengi, mtazame Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, wamesoma habari pamoja meza moja Citizen TV. Lakini Ken Walibora, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa bara, magharibi mwa Kenya, na alipokuwa NTV hukuweza kumshinda kwa Kiswahili. Lafudhi hufanyiwa kazi bwana. @nyamagana_wa_kwanza umenivunja mbavu hapo kwa kula.

#12 Mzee wa Fitna
Mkenya anatufundisha Kiswahili. Dunia imekwisha.

#13 Mwanakwetu254
Karibu saa moja jioni ujifunze, ndugu yangu. Bure kabisa.

#14 Kalamu Nyeusi
Mnazungumza R na L, mmesahau TH na DH. "Salasini", "zahabu", "zamana", "samani ya fedha" wakati anataka thamani, kwa hiyo benki inauza makochi. Hapo ndipo namzimia mtu TV. Na hao wanapita kwenye usaili kwa sababu meza nzima inasema "salasini".

#15 Mwana wa Vuga
@Kalamu Nyeusi ungekuja kwetu ungelia kwa furaha. Muuza pweza wa Forodhani anaweza kusoma taarifa yenu ya saa mbili bila mazoezi.

#16 FundiMitambo
Muuza pweza atakwama kwenye tarakimu. Hizi ndizo zinazoua watu, kuliko hata R.

Mfano: skripti inasema "elfu mia mbili na hamsini". Ni 250,000 au ni 200,050? Mtazamaji hana karatasi. Mtangazaji mzuri anasema laki mbili na nusu, au laki mbili na elfu hamsini, mambo yamekwisha. Au mwandishi kaandika bil. 2.3, msomaji anasema "bilioni mbili nukta tatu", bibi wa Ikwiriri aijue nukta kutoka wapi? Bilioni mbili na milioni mia tatu.

Saa nazo. Habari imetoka shirika la nje, imeandikwa 14:00 GMT. Nimemsikia mtu kwa masikio yangu akisema saa nane mchana. Hapa kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni. Ukinijia majaribio, skripti yangu ina vitu vitatu vya aina hii nimevificha ndani kama miiba ya samaki. Sauti yako nzuri sijali.

#17 Mauzo_Mjini
Niko upande wa mauzo ya matangazo, sitasema wapi. Niwaambie msichotaka kusikia. Mleta uzi ana haki kwa asilimia kubwa, ila amekosea sababu.

Swali la wafuasi linatoka kwetu, si chumba cha habari. Kituo kinaishi kwa wadhamini. Nikienda kwa mtu wa sabuni kumuuzia kipindi, ananiuliza anayetangaza ni nani, na anatoa simu anamtafuta palepale mbele yangu. Akimkosa, bei inashuka. Wafuasi elfu themanini ni rahisi kuwaeleza kuliko "anajua kusoma tarakimu". Hii ni kwa vipindi vya burudani, asubuhi, mapishi, mahusiano. Taarifa ya habari ni mambo mengine, pale mdhamini hamuulizi msomaji.

Kwa hiyo kijana amua unataka meza ipi. Ukitaka kipindi, njoo na wazo lako limerekodiwa, dakika kumi tu, na jina la mdhamini hata mmoja aliyekuambia "nitafikiria". Nakuapia utapokelewa kabla ya mwenye shahada mbili.

#18 ChupaYaChai
@Mauzo_Mjini kwa hiyo mtangazaji ndiye anamtafuta mdhamini, kisha kituo kinamlipa mtangazaji kutoka kwenye pesa aliyoileta mwenyewe?

#19 Mauzo_Mjini
Umeelewa haraka. Wengine inawachukua mwaka mzima, wakidhani ule ni mshahara.

#20 Dada wa Mwenge
Nimesoma kurasa zote mbili nimeona wanaume mnajadili R na prompta. Acheni niseme la upande wetu.

Mimi niliambiwa nipunguze uzito, nikaambiwa nibadilishe nywele, nikaambiwa rangi yangu "taa haziipendi". Taa zipo za kurekebishwa, Fundi ananielewa. Halafu kuna yule bosi wa vipindi aliyetaka usaili wa mara ya pili ufanyike hotelini saa tatu usiku. Sikwenda. Kazi sikupata. Aliyekwenda simlaumu wala simjui.

Wadogo zangu mnaosoma kimya kimya: hiyo ina jina, ni rushwa ya ngono, imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina gharama. Tunza ujumbe wote wa simu, usifute kwa hasira kama nilivyofuta mimi.

Sasa hivi niko redio ya jamii, mkoa fulani. Nina uzito wangu na nywele zangu.

#21 FundiMitambo
@Dada wa Mwenge nathibitisha la taa. Fundi anayesema rangi ya mtu haipendwi na taa ni mvivu wa kupanda ngazi. Pole sana dada.

#22 Shangazi_Tabata
Mwanangu @Dada wa Mwenge umenitoa machozi. Na wewe ndiye uliyefuata njia ya redio, wengine wanabisha tu.

#23 Mzee wa Fitna
Hoteli saa tatu usiku... hii chai.

#24 Dada wa Mwenge
@Mzee wa Fitna ungekuwa na binti usingeiita chai.

#25 Mzee wa Fitna
Ninaye. Nimefuta kauli.

#26 Kapu la Habari
Turudi kwenye uzi. Hakuna aliyegusa sheria. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake, mwandishi wa habari anatakiwa awe na ithibati, na kiwango cha chini ni stashahada ya uandishi wa habari. Sasa hivi kuna Bodi ya Ithibati kabisa, Tido Mhando ndiye aliteuliwa mwenyekiti wake, na huyo hakuna wa kumdanganya kuhusu kazi hii, kapita BBC, kaongoza TBC, kapita Azam. Kwa hiyo huyo wa elfu themanini, kama hana cheti, anasomaje habari? Mleta uzi una karata mkononi hujaicheza.

#27 Mauzo_Mjini
Watakuambia si mwandishi wa habari, ni mtangazaji wa kipindi. Anasoma alichoandikiwa.

#28 Kapu la Habari
Akimhoji waziri kwenye kipindi cha asubuhi ni nini? Mpishi?

#29 Kalamu Nyeusi
Hapo pana mabishano ya miaka. Mwenye swichi ya muziki anaanza na nyimbo, saa mbili baadaye anachambua bajeti ya serikali. Mstari uko wapi? Mimi ningewaweka wote darasani, hasa kwa ajili ya TH.

#30 Kijiwe_Online
Mnapoteza muda na vituo. Fungua chaneli yako YouTube. Millard Ayo alitoka redioni akajenga chombo chake mtandaoni, leo vituo ndivyo vinamfuata.

#31 Kapu la Habari
Fungua, ila jua kwamba tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, televisheni ya mtandaoni inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usije ukaanza na habari za mtaa ukaishia kwenye barua.

#32 Mwanakwetu254
Mie naona hamjasema jingine. Wengi huitumia TV kama kivuko. Kanze Dena alitoka Citizen TV akaingia Ikulu ya Nairobi 2018. Kwenu Zuhura Yunus, mwanamke wa kwanza kutangaza Dira ya Dunia ya BBC kwenye runinga, akaenda Ikulu 2022. Charles Hilary mliyemtaja juu kule alimalizia kuwa msemaji wa Serikali ya Zanzibar. Kijana uliza mwisho wa barabara kabla hujaabiri gari.

#33 Shangazi_Tabata
Hao wote walifanya kazi miaka na miaka kwanza. Huyu wangu hajapata hata kiti, unampeleka Ikulu.

#34 ChupaYaChai
Wakuu, shukrani, nimesoma yote. Nimepigiwa simu! Kituo kingine, majaribio Alhamisi saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Sasa naombeni msaada wa haraka: nina shati moja zuri la mistari ya bluu na nyeupe, myembamba. Na suti ya kaka yangu ya kijani iliyokolea. Nivae kipi?

#35 FundiMitambo
Vyote viwili hapana!

Mistari myembamba inacheza kwenye kamera, inatetemeka kama joto juu ya lami. Watu watatazama shati, hawatakusikia. Kijani ndiyo kabisa, wakikuweka mbele ya pazia la kijani utabaki kichwa na mikono vinaelea juu ya ramani ya hali ya hewa. Nyeupe tupu nayo inarudisha mwanga mwingi, kamera inajipunguza, uso unakuwa giza. Tafuta shati la rangi moja, bluu ya mpauko au maziwa. Usivae mkufu, unagonga maiki. Na pitisha pauda kwenye paji la uso, usione haya, wanaume wote unaowaona saa mbili usiku wamepaka.

#36 Mzee wa Fitna
Pauda tena? Sasa nimeelewa kwa nini mjomba hakuniombea mimi.

#37 Shangazi_Tabata
Mwanangu nina shati la marehemu baba yao, bluu ya mbingu, halina doa. Nitumie ujumbe pembeni, niko Tabata Segerea.

#38 nyamagana_wa_kwanza
Kalamu nyekundu usisahau.

#39 Kigoda_Mbele
Mimi karanga zimeisha, lakini siondoki hadi Alhamisi.

#40 ChupaYaChai
Mrejesho.

Nimeenda. Nimevaa shati la Shangazi, Mungu amlipe. Nilisoma habari mbili vizuri. Habari ya tatu, prompta IKASIMAMA. Wakuu, nilicheka. Nilimkumbuka Fundi, nikacheka mbele ya kamera. Halafu nikashuka kwenye karatasi, nikaendelea. Kulikuwa na elfu mia nne na hamsini, nikasema laki nne na nusu. Kulikuwa na 09:00 GMT, nikasema saa sita mchana. Mwanaume mmoja mwenye ndevu nyuma ya kioo nilimwona anatikisa kichwa, sijui kwa wema au kwa ubaya.

Mwisho wakaniuliza wafuasi. Nikasema 1,362. Wameongezeka kidogo, nadhani ni nyie.

Jana wamepiga. Kiti cha studio hakipo. Wananipa uwakilishi Kahama: naripoti kutoka huko, nalipwa kwa habari itakayorushwa, mshahara hakuna, nauli yangu, simu yangu. Baada ya miezi sita "tutaangalia". Niende?

#41 Mzee wa Fitna
Usiende. "Tutaangalia" ni ndugu yake "tutakupigia".

#42 Dada wa Mwenge
Nenda. Kahama kuna dhahabu, kuna malori, kuna migogoro ya ardhi, habari hazikauki. Dar mko waandishi ishirini kwenye mkutano mmoja na soda moja. Huko utaonekana uso kila siku.

#43 Mauzo_Mjini
Nenda na mkataba wa maandishi. Uliza wanalipa kwa habari iliyorushwa au iliyopokelewa. Utatuma kumi, watarusha mbili, zile nane utakuwa umechoma mafuta bure.

#44 Kalamu Nyeusi
Kama ataenda, aage vizuri. "Kutoka Kahama" tafadhali, asije akasema "kutokea Kahama". Hajatokea, karipoti.

#45 nyamagana_wa_kwanza
Karibu usukumani. Ukikaa miezi sita na sisi, R yako tunaichukua.

#46 Shangazi_Tabata
Shati baki nalo. Huko vumbi jekundu, lifue kwa maji ya baridi.

#47 ChupaYaChai
Naondoka Jumatatu na basi la alfajiri. Nimeomba wabadilishe neno liwe "iliyopokelewa", wamekataa, lakini nauli ya safari za nje ya mji wamekubali nusu.

@FundiMitambo nakuuliza kwa heshima zote kaka. Yule wa ndevu nyuma ya kioo alikuwa wewe?

#48 FundiMitambo
Hapana, mimi wiki hiyo nilikuwa zamu ya usiku. Nunua maiki yako mwenyewe kabla hujapanda basi, ya kubana kwenye kola, upepo wa Kahama utakula sauti yako yote.

Shati lilikutoa vizuri.